Koba Iliponyamaza

Harufu ya grisi inayoungua naijua, na harufu ya kikapu kikuukuu kinachoungua naijua. Moja ikija peke yake hainifanyi kitu. Zikija pamoja, mikono yangu inaanza kutafuta mahali pa kushika, hata nikiwa nimekaa salama katika kiti changu cha kekele, ile kamba ya msituni, hapa uani, commune ya Tshopo, jua linawaka na hakuna kinachotembea isipokuwa kuku.

Juzi zilikuja pamoja. Binti yangu Furaha alikuwa amewasha moto kwa vipande vya kikapu kibovu, sombe ya majani ya mihogo iko juu ya jiko, na mume wake Dieumerci akaingiza uani motokari ya zamani aliyoinunua Makiso, ile yenye pua ndefu, magurudumu ya mbele yakitoa moshi wa grisi. Akashuka amefurahi.

"Mama, volan ilikuwa inanitetemekea mikononi sawa mugonjwa wa malaria. Nimekaza kila kitu. Sasa imenyamaza kabisa. Kesho tunapeleka mutoto Bengamisa kwa shangazi yake."

Nikamuuliza aliona kitu gani kilichokuwa kinatetemeka. Akacheka kidogo, kwa heshima.

"Sikuona, Mama. Lakini si imenyamaza?"

Mama mkwe hamwagizi mkwe wake. Sisi tulilelewa hivyo: ukiwa na neno unalipitisha kwa binti yako, wewe mwenyewe unaangalia pembeni. Basi nikaangalia pembeni. Lakini neno lilikataa kupita, na mimi nikaenda mbali nalo, kwa Papa, kwa Koba, kwa mikono ile.

Ninyi wa umri wangu mnazikumbuka motokari za wakati ule, mgongo wa mviringo, macho mawili yametokeza mbele kama ya chura. Ya Papa ilikuwa nyeusi. Muzungu mmoja mwenye kiwanda cha kukamua mawese, ambaye Papa alimwendesha tangu sijazaliwa, alimwachia siku alipopanda ndege asirudi tena. Ilikuwa imezeeka tayari. Watu wa mtaa waliiita Koba, ndiyo kobe kwa Lingala, na kweli ukiiona imelala kivulini ungefikiri itatoa kichwa. Ndani ilinuka ngozi na tumbaku, na kitu kama mvua iliyolala. Jumamosi ilibeba maharusi. Siku nyingine ilibeba wagonjwa, na mara moja moja ilibeba maiti kwa kuiegemeza kama mtu aliyelala, ndugu wakiiongelesha njia nzima ili isijione peke yake.

Papa aliitwa Gabrieli. Mimi nilikuwa nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo aliniita Mama, na kwa heshima ya jina hilo nilikuwa na nafasi yangu ndani ya Koba: mbele, katikati, kati ya Papa na yeyote aliyepanda upande wa pili. Miguu yangu haikufika chini. Nilichokiona njia nzima si njia, ni mikono ya Papa juu ya volan, usukani wa Koba. Nilijua kila mshipa wake.

Ndiyo maana mimi nilikuwa wa kwanza kuona.

Mvua zilikuwa zimekwisha. Tulikuwa tumevuka daraja la Tshopo, tunamrudisha mgonjwa mmoja kwao, Papa akapiga shimo dogo, shimo la kila siku. Mara mikono yake ikaanza kutetemeka. Si kidogo. Iliruka kulia na kushoto, viwiko vyake vikatikisika, kidevu kikatikisika, mpaka Koba nzima ikatikisika naye. Akakanyaga fren, tukaenda polepole, polepole, karibu kusimama, na mikono ikatulia. Akaniangalia kama mtu aliyekutwa na aibu.

"Likambo te, Mama," akasema. Si kitu. "Ni Koba."

Sikumwamini. Koko, yule mama yake niliyebeba jina lake, nilikuwa nimemwona katika siku zake za mwisho. Mikono yake ilitetemeka hivyo hivyo. Kikombe kiligonga meno yake, chai ikamwagika kifuani, na watu wazima wakaniambia ni baridi tu, mtoto, Koko anasikia baridi. Kiisha wakamzika. Basi nilielewa kwa akili yangu ya utoto: ugonjwa ule umemrudia Papa, unashuka kwa damu, na Papa anausingizia Koba kwa sababu watu wazima hawasemi ukweli juu ya ugonjwa. Nikaficha na mimi. Nilikuwa nalala nimefinya mikono yangu chini ya mapaja, maana jina lilikuwa langu, na niliona zamu itafika.

Wakati huo nyumbani kulikuwa na shughuli. Dada yangu mkubwa, Yaya Tereza, alikuwa ameposwa na kijana wa Bengamisa anayeitwa Faustin, wazazi wake watu wa kahawa. Jumamosi ile tulipaswa kumpeleka kwao. Na Papa alikuwa amekwisha kusema, mbele ya wajomba na wazee wa pande zote mbili, kwamba binti yake atafika ndani ya Koba. Neno la namna hiyo likitoka mbele ya wakwe halirudi mdomoni.

Akamwita Papa Saidi, mekanisien. Alitoka katika zile familia za Kiislamu za zamani za mji wetu, kofia nyeupe hata chini ya motokari, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Hakugusa kitu kwanza. Alipanda na Papa, wakaenda wakarudi, mimi katikati, na alipoona mikono ya Papa inaruka akaiangalia sana. Nikafikiri, huyu ameona, huyu ni daktari.

"Tuanze na viatu," akasema. "Pengine mguu ni mzima, kiatu ndicho kibovu."

Akabadilisha magurudumu ya mbele, la kulia akaweka kushoto, la kushoto kulia. Wakaenda tena. Ikatetemeka vile vile. Akakaza nati zote. Ikatetemeka. Hapo akainua Koba kwa krik, akaweka gogo chini yake, akachuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto. Akalishika pembeni kwa mikono miwili, akalivuta kama mtu anayefungua mlango uliokwama. Kimya. Kiisha akaweka mkono mmoja juu na mmoja chini, akasukuma huku akivuta.

Tok.

Sauti ndogo. Ukivunja mguu wa kuku mezani inalia hivyo.

"Gabrieli, panda ukanyage fren, ushike."

Papa akakanyaga. Papa Saidi akatikisa tena. Tok.

"Kama ingekuwa rulma, zile gololi za ndani ya gurudumu, fren ingeinyamazisha. Hii si rulma, ni pivo," akasema, akanionyesha mimi kwa kidole kwa sababu nilikuwa nimeinama karibu kuliko wote. "Unaona chuma hiki kinene kilichosimama? Gurudumu linageukia juu yake. Kimelika. Na shimo lake limelika. Ndani mna nafasi, na nafasi ndiyo inayotetemeka."

Ndani kimelika. Nilisikia hilo tu. Nilimwangalia Papa, kifua chake, shati lake jeupe, nikajiuliza shimo liko wapi.

Pivo mpya haikuwepo mjini. Ilikuwa ndani ya bateau iliyotoka Kinshasa, na bateau ilikuwa imekwama juu ya mchanga chini ya Isangi, maji yamepunguka, abiria wamekwisha kujenga vibanda ukingoni.

"Ngojea," akasema Papa Saidi.

"Arusi haingojei bateau. Nitaendesha polepole."

"Polepole itakufikisha pale pale. Hili gurudumu siku linataka kulala, litalala. Halitakuuliza una bibi-arusi au una magunia."

Mama yangu, Mama Albertina, alikuwa anasikiliza, mikono ndani ya maji ya mihogo. Akasema, "Bon. Bernard yuko na kamyo. Tereza apande mbele pamoja na shofeli. Kwani shida iko wapi?"

Shida alikuwa Bernard mwenyewe. Jirani yetu huyu alibeba mihogo na watu kwa kamyo yake, na hakumpenda Papa tangu Papa alipoachiwa Koba. Alikuwa amesimama ukutani tangu asubuhi, akitafuna muwa.

"Mulete tu bibi-arusi, Gabrieli," akasema. "Nitamutafutia gunia ya muhogo ya kulainika. Koba iache hapa, icheze rumba yake. Kweli inacheza vizuri kuliko muchumba."

Watu wakacheka. Hata Yaya Tereza alicheka, akaweka mkono mdomoni upesi. Nilijua tangu pale kwamba Papa hatatuweka kwenye kamyo ile.

Jioni hiyo akaja Tonton Simoni.

Tonton Simoni alikuwa ndugu ya Mama, na watu wa Mama ni wavuvi wa maporomoko, Wagenia. Mnajua kazi yao: magogo marefu yamesimamishwa katikati ya maji yanayoanguka, yamefungwa kwa kekele, na mitego mikubwa ya vikapu imening'inia juu yake ikimeza maji. Msumari haumo. Ni kamba ya msituni tu, iliyoloweshwa ikafungwa mbichi, na maji yenyewe ndiyo yanayoikaza. Mama alinipeleka huko nikiwa mdogo kabisa, akanibandika kiganja juu ya nguzo moja.

"Inatetemeka?"

"Ndiyo, Mama."

"Njo iko hai. Maji inaisukuma, yenyewe inajibu. Siku utashika, husikii kitu, toka mbio. Ile imekwisha kuachana na jiwe."

Na walikuwa na desturi nyingine, Wagenia wa ukoo wa Mama: aliyefunga nguzo ndiye wa kwanza kuikanyaga. Hakuna mtoto wala mgeni atakayepita juu ya kazi yako kabla hujasimama juu yake wewe mwenyewe, kwa uzito wako wote.

Tonton Simoni akatikisa gurudumu kama alivyoonyeshwa. Tok. Akacheka.

"Ni hii tu? Shemeji, mumelia sana. Mutu ya chutes, ya maporomoko, anashindwa na shimo imepanuka?"

Alikuwa amekuja na mzunguko wa kekele begani. Akaichana nyembamba kama utepe, akailowesha ndani ya ndoo. Papa Saidi alipoelewa anachotaka kufanya, alisimama.

"Mti ndani ya chuma?"

"Kekele si mti, muzee. Kekele inakamata magogo na muto muzima juu yake. Itashindwa na motokari?"

"Mimi simo," akasema Papa Saidi. Akafunga sanduku lake la vyuma, akaosha mikono. Alipofika njiani akageuka. "Gabrieli, nimekuambia ninachojua. Sina kingine cha kukupa."

Basi mashemeji wawili, Papa na Tonton, wakaitoa ile pivo wenyewe kwa nyundo, Tonton akaizungushia kekele iliyolowa, akairudisha shimoni kwa kugonga, maji yakichuruzika. Walipotikisa gurudumu, hapakuwa na sauti. Kimya. Papa akapanda, mimi katikati yangu, tukashuka mpaka sokoni na kurudi, tukapiga mashimo yote ya njia. Mikono ya Papa ilikaa juu ya volan kama mikono ya sanamu ya mtakatifu kanisani.

Nilifurahi sana, siwezi kuwaambia. Nilijua Tonton amemponya Papa kwa dawa ya msituni, na kwamba haya yote ya gurudumu yalikuwa kificho cha watu wazima. Usiku ule sikufinya mikono.

Lakini kabla ya kuingia kulala nilimwona Mama. Koba ilikuwa inaunguruma bado, Papa anamwonyesha Bernard, na Mama akasogea akaweka kiganja juu ya bati lile jeusi linalofunika gurudumu la kushoto. Akakiacha pale. Akakitoa, akakifuta kwenye liputa yake, kitenge cha kiunoni, tena na tena, kama aliyeshika kitu kichafu.

"Simoni," akasema. "Kule kwetu kekele inakunywa maji kila siku. Huku itakunywa nini?"

"Itakunywa grisi, dada," akasema Tonton, na wote wakacheka, na Mama naye akacheka ili asiwe peke yake.

Jumamosi asubuhi hapakuwa na wingu. Mara nyingi nimefikiri juu ya hilo. Kama ingenyesha.

Kamyo ya Bernard ilikuja nyuma yetu imejaa akina mama. Walikuwamo Mama Sidonia, Mama Feza, Mama Asumini, na Mama Lukia aliyekuwa akianzisha wimbo. Wote wamekufa, ninawataja ili majina yao yatembee kidogo. Ndani ya Koba tulikuwa mbele Papa, mimi, na Tonton Simoni. Nyuma Mama na Yaya Tereza, gauni lake limejaza kiti kizima, na bidon ya maji ya kunywa miguuni.

"Tonton," akasema Yaya, "nikifika na jasho, Faustin atanikataa."

"Akikukataa nitakuoza kwa kambare. Yeye haangalii jasho."

Tulicheka. Njia ilikuwa nyekundu, vumbi lilisimama nyuma yetu kama ukuta, na nyimbo za kamyo zilitufikia vipande vipande. Huku na huku watu walikuwa wanachoma mashamba. Moshi ulikaa juu ya miti haupandi. Jua lilikuwa kali. Koba ilikuwa kimya. Nilizoea kusikia milio yake, mbao zake, vyuma vyake, na siku ile nilikuwa nasikia hata Papa akimeza mate.

Tulikuwa tumekwenda sana, vijiji vingi vimepita, Mama akasema kutoka nyuma, "Gabrieli, ninasikia harufu ya mutego inaungua."

"Wanachoma mashamba."

"Shamba hainuki hivi. Ni kikapu. Kikapu na mafuta."

Tonton aligeuza uso kwenye dirisha, akavuta hewa kwa pua, na nikaona ameacha kutabasamu. Na mimi niliisikia wakati huo, kwa mara ya kwanza maishani, ile harufu.

Hapo shimo. Hapo mikono.

Iliruka kuliko siku zote. Koba iligonga, ikayumba, Yaya Tereza alishika kiti changu kwa nyuma, na mimi nilifanya kitu kimoja nilichokuwa nimewaza muda mrefu: niliweka mikono yangu juu ya mkono wa Papa ili niutulize. Ulikuwa mgumu kama jiwe. Hautetemeki. Kilichotetemeka kilikuwa chini yake, volan, kilikuja kutoka ardhini kikapita ndani ya chuma kikatupanda sote wawili sawasawa. Nikaelewa. Papa hakuwa mgonjwa. Ilikuwa Koba kweli, tangu mwanzo alinieleza kweli. Katikati ya tetemeko lile nilifurahi, Mungu ananijua, karibu nicheke.

Alisimamisha juu ya mteremko. Chini kulikuwa na kijito na daraja la mbao, na ng'ambo yake, juu, yalionekana mabati ya kwanza ya watu wa Bengamisa. Ngoma zilikuwa zimeanza. Walikuwa wametuona.

Tonton Simoni aliinama kwenye gurudumu la kushoto. Kekele ilikuwa imetoka nje, nyeusi, imejikunja kama nywele zilizoungua.

"Imekauka tu," akasema. "Mulete maji."

Alimimina nusu ya bidon. Ikatoa mvuke, ikalia. Akairudisha ndani kwa kisu, akamimina tena, akangoja, akaweka mkono juu na mkono chini. Akatikisa. Hatukusikia kitu.

"Imenyamaza," akasema Papa.

Mama alikuwa amekwisha kufungua mlango. "Tereza, shuka."

"Albertina, usinitie haya mbele ya wakwe. Wanatuangalia."

"Waangalie. Mutoto yangu atavuka daraja na miguu yake. Utatupandisha kule ng'ambo, utafika na sisi ndani ya Koba yako, sitasema kitu tena. Lakini hapa chini, hapana."

"Kwa nini? Si umesikia imenyamaza?"

"Njo sababu," akasema Mama. Ndiyo sababu.

Yaya Tereza alisimama njiani na gauni lake jeupe, hajui amtii nani. Ni Tonton aliyemwamulia. Alimshika kiwiko, akamtoa vumbini, akamweka pembeni kwenye majani. Kiisha akanichukua mimi chini ya makwapa kutoka nafasi yangu, akanishusha.

"Mama mudogo, nafasi yako nitakuwekea. Nitakurudishia kule ng'ambo."

"Wewe pia baki, Simoni," akasema Mama.

"Dada, nani alifunga?"

Lile swali lina jibu moja tu kwao Wagenia. Tonton akapanda mbele, akakaa katikati, pale pangu, karibu na gurudumu lake. Papa akaachia fren.

Koba ilishuka vizuri. Nataka mjue hilo. Ilishuka kimya, haiyumbi, jua juu ya mgongo wake, na ngoma ng'ambo zikazidi, na kamyo ikafika nyuma yetu na akina mama wakaanza kushuka wakipiga vigelegele. Karibu na daraja gurudumu la kushoto lililala. Lililala tu, kama mnyama aliyechoka, na Koba ikageukia upande ule kama mtu aliyeitwa jina lake, ikavunja boriti ya pembeni, ikaingia chini. Vigelegele havikukatika mara moja. Wa nyuma walikuwa hawajaona.

Wanaume wa Bengamisa walikuja wanakimbia. Walimtoa Papa. Tonton Simoni walikawia kumtoa, Koba ilikuwa imemlalia. Mtu ambaye maporomoko yote hayakumweza, aliyezaliwa juu ya maji yale ya kunguruma, alikufa katika kijito kinachofika kiunoni.

Papa walimkalisha ukingoni. Alikuwa amelowa, damu kidogo juu ya jicho, hana kingine. Nilimwendea. Mikono yake ilikuwa mapajani na ilikuwa inatetemeka, kulia na kushoto, vile vile, vile vile kabisa. Nikaishika. Nilitafuta volan chini yake. Haikuwepo.

Yaya Tereza aliolewa baadaye, bila ngoma. Alikwenda kwa miguu, akapita daraja lile, na maisha yake yote kila alipokuja kututembelea alilipita kwa miguu, hata akiwa mjamzito, hata mvuani. Watoto wake ninawajua wote. Bernard aliacha kutania watu. Aliuza kamyo akahamia ng'ambo, Lubunga. Papa Saidi alikuja matangani, akakaa ubavuni mwa Papa siku zote za kilio. Neno pivo halikumtoka. Alimshikia kikombe tu, kwa sababu kikombe kilikuwa kinagonga meno ya Papa, na watu wazima walituambia sisi watoto ni baridi.

Bateau nayo ilifika maji yalipopanda. Pivo ilikuwamo, imefungwa ndani ya karatasi ya mafuta. Mama aliitumia kuzuia mlango wa jikoni usipige. Ilikaa pale miaka yote niliyoishi kwao.

Papa hakuendesha tena. Aliishi sana, aliniona nikiolewa, alimwona Furaha huyu akizaliwa, lakini hakumbeba, aliogopa kumwangusha. Mikono haikutulia hata siku moja. Nilizoea kukaa naye nimeishika, tunaongea habari za watu, nayo inatetemeka ndani ya mikono yangu kama ile nguzo ya maporomoko. Mchana mmoja nilikuwa nimeishika hivyo, tunangoja daktari, na ikatulia. Mikono mizuri, imetulia, kama siku ile tuliyoshuka sokoni. Muuguzi aliyekuwa mlangoni akasema, afadhali, sasa amepata usingizi. Sikumbishia. Mimi ni mjukuu wa Wagenia, nilikuwa nimekwisha kujua.

Basi juzi, pale uani, moshi wa kikapu na moshi wa grisi vimechanganyika, nilimwangalia Dieumerci usoni. Furaha akashangaa, akaacha mwiko ndani ya sombe.

"Dieumerci, mwanangu," nikasema. "Leta krik. Inua gurudumu mbele ya macho yangu."

"Mama, imenyamaza, ninakuambia."

"Njo sababu."

Aliileta kwa kuniheshimu, si kwa kuniamini. Akainua upande wa kushoto. Nikamwonyesha kwa mikono yangu mitupu, hewani: kwanza pembeni, kiisha mmoja juu, mmoja chini. Mjukuu wangu alikuwa amekwisha kukaa ndani, mbele, katikati, anachezesha miguu isiyofika chini, akipiga honi kwa mdomo. Nikamwambia anyamaze kidogo. Dieumerci akashika, akasukuma huku akivuta.

Tok.

Furaha alifunika sombe, akaenda kwenye mlango wa motokari, akamshusha mtoto.